Kuzaa au kutokuzaa: nyumba ya dada Makambako na nyumba yangu Uyole

Dada yangu yuko Makambako na ana watoto wanne. Mimi niko Uyole, Mbeya, na mume wangu, huu ni mwaka wa kumi na mbili wa ndoa, na hatuna mtoto. Hatukukosa, hatukutaka. Nalitanguliza hilo kwa sababu nikiianza habari hii mtu hunishika mkono, akateremsha sauti, akanitajia mganga wa Chunya au mchungaji fulani anayeombea kina mama wakashika mimba. Anayetaka mtoto na hapati ana uchungu wake, nami sitauchanganya na mambo yangu. Haya ni ya mtu anayeweza kuzaa ila anajiuliza kama azae.

Watu hao wapo. Huniuliza pembeni. Mwalimu mmoja alinisubiri nje ya kanisa. Kijana wa duka la pembejeo aliniuliza huku anapima mbolea, kama anayeulizia bei ya vitunguu. Wote wanataka ndiyo au hapana. Sina. Nina nyumba mbili ninazozijua hadi jikoni, basi naziweka bega kwa bega. Msinitarajie niwe refa, maana mimi mwenyewe nimo uwanjani.

Jina

Pale soko la Soweto, muuza viazi akishakuzoea hakuulizi jina lako. Anauliza, "Mama nani?" Kwa dada swali hilo lilikwisha siku aliyojifungua wa kwanza, tangu hapo jina lake la ubatizo liko kwenye kitambulisho cha taifa na kadi ya kliniki tu. Mimi mwanzoni nilikuwa nataja jina langu. Ikaonekana naringa. Siku moja mtoto wa dada alikuwa amenishikia kapu, akaita, "Mama mdogo, tumesahau hoho!" Muuza viazi akalidaka hapo hapo. Sasa nusu ya soko inaniita Mama Mdogo.

Lugha yetu haimwachi mtu mikono mitupu. Watoto wa dada wananiita mama mdogo. Wa kaka yangu wananiita shangazi. Wadogo wa mume wangu wana watoto wao, na kwa hao mimi ni mama mkubwa. Nikihesabu wote wanafika kumi na wanne. Kwa hiyo ukisoma yanayoandikwa Ulaya au Marekani juu ya maisha bila watoto, usiyabebe mazima mazima. Huku utakaa bila kuzaa, lakini bila watoto hutakaa.

Ila nisijidanganye. Mama mdogo ni mama wa kuazimwa. Mama mwenyewe akiingia mlangoni, mtoto anashuka mapajani pako bila hata kuaga.

Upande wa mume mambo ni mazito zaidi. Yeye ni Mnyakyusa wa Tukuyu, na majina ya ukoo ya huko huanza na Mwa-, yaani wa uzao wa fulani. Jina lenyewe linadai mtu wa kulipokea. Mama mkwe aliniuliza mwaka wa tatu wa ndoa, kwa upole, tukimenya ndizi: "Mwanangu, jina la baba yenu litaishia kwenye nyumba hii?" Nikamjibu kwamba shemeji zangu wanne wamelibeba vizuri. Akanyamaza. Baadaye nikaelewa kuwa hakuwa anawaza ukoo, alikuwa anawaza msiba. Mnajua wasifu wa marehemu unavyosomwa kabla ya jeneza kutoka: ameacha mjane, watoto saba, wajukuu kumi na wanane na vitukuu wawili. Watu hutikisa kichwa kwa kuridhika. Wa mume wangu utasema ameacha mjane, halafu msomaji atageuza karatasi. Hapo nyumba ya dada imetushinda, na sitatafuta maneno ya kulifunika.

Pesa, na simu ya Januari

Hapa ndipo watu hukosea zaidi. Wanadhani asiyezaa anatajirika.

Kwa dada, Januari ni Januari kweli. Ada ya shule za serikali ilifutwa 2016 kuanzia msingi hadi kidato cha nne, na 2022 ikafutwa kidato cha tano na cha sita. Hilo ni jambo kubwa, na anayelidharau hakumbuki watoto waliokuwa wanafukuzwa getini. Lakini sare haikufutwa, wala madaftari, viatu, michango ya chakula, godoro na tranka la anayekwenda bweni, na nauli yake. Shemeji, mume wa dada, huuza viazi mviringo Desemba kwa bei yoyote atakayoambiwa na dalali kwa sababu shule hazisubiri bei ipande. Na hapo wana wanne tu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta wastani wa watoto 4.8 kwa mwanamke Tanzania, 3.6 mjini na 5.5 vijijini.

Kwangu? Januari simu yangu huanza kulia tarehe mbili. "Shikamoo mama mdogo." "Marahaba." Kimya kidogo. "Mama mdogo, nimechaguliwa kidato cha kwanza." Nampongeza huku tayari natafuta kalamu. Kwenye kikao cha ukoo sentensi ni moja kila mwaka: ninyi hamna watoto. Kwao ni maelezo kamili ya kwa nini mchango wetu uwe mara mbili. Mwaka jana tulilipia watoto watatu, na mmoja simkumbuki sura.

Tena kuna kichekesho. Bima ya afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, ilipangwa kwa kaya ya watu hadi sita kwa Sh 30,000 kwa mwaka. Dada na shemeji na watoto wanne ni sita kamili, kama vile walipimiwa. Sisi wawili kiwango chetu kilikuwa hicho hicho.

Basi tofauti iko wapi? Nalipa, lakini naweza kusema "mwaka huu sina" na mtoto akaenda kwa mjomba. Nimewahi kusema hivyo mara mbili, nikalala vizuri. Dada hana pa kumpeleka mtu. Mwaka 2019 mume wangu aliacha kazi akarudi chuo miaka miwili, na hakuna aliyelala njaa. Shemeji angependa kufungua karakana ya kuchomelea tangu nimjue, bado anapenda. Ukitaka kupima, usihesabu kiasi cha pesa kinachobaki. Hesabu mara ngapi kwa mwaka unaweza kukataa.

Mwili

Nilikuwepo dada alipojifungua wa tatu. Damu haikukata, na usiku ule nilijifunza sala ambazo sikuwa nazijua. Alipona. Tafiti hizo za kitaifa zinaonyesha vifo vya uzazi vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 (2015-16) hadi 104 (2022). Ni habari njema sana kwa anayefikiria kuzaa leo, na akifika hospitali kama ya wazazi Meta pale Mbeya mjini, hayuko alipokuwa mama yake. Lakini haijawa sifuri, na ndugu wanaosema "si kuzaa tu" wanajisahaulisha.

Kuzaa si kazi, kazi kulea. Methali hii huku kwetu ina takwimu zake. Nyanda za Juu Kusini zinalisha nchi mahindi, maharage, viazi na maziwa, na bado utafiti wa 2022 ulikuta watoto chini ya miaka mitano waliodumaa ni asilimia 57 Iringa na asilimia 50 Njombe, wakati kitaifa ni 30. Chakula kipo. Anayekosekana ni mtu wa kumlisha mtoto mara tano kwa siku, maana mama yuko shambani tangu alfajiri na mtoto ameachiwa uji wa mahindi mtupu na dada yake wa miaka saba. Sheria inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, 100 akizaa mapacha, na baba siku tatu. Dada yangu mkulima likizo yake ilikuwa muda ambao mama yetu aliweza kukaa Makambako, wiki tano. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama mna pesa za mtoto, ulizeni ni nani atakuwa nyumbani saa nne asubuhi. Kama jibu ni "tutapata dada wa kazi", jueni kuwa naye ni mtoto wa mtu, na wengi wanatoka vijiji vya hapa hapa kwetu.

Kwangu mwili ulipumzika, ila si bure. Nilipokwenda kituo kimoja cha afya kutaka kijiti cha uzazi wa mpango, muuguzi aliuliza nina watoto wangapi. Nikasema sina. "Rudi ukishazaa wa kwanza, utakuja kulia hapa." Nikaenda kwingine. Kwa faida ya wanaoamini alivyoamini yule muuguzi: kijiti hukaa miaka mitatu au mitano kutegemea aina, na kikitolewa uwezo wa kushika mimba hurudi upesi. Kitanzi cha shaba hukaa miaka kumi na zaidi, nacho hutolewa siku yoyote. Sindano ya miezi mitatu ndiyo huchelewesha kidogo, unaweza kungoja miezi kadhaa baada ya kuacha. Kufunga uzazi, mke au mume, kuchukulie ni moja kwa moja. Anayesitasita asikimbilie huko. Sisi tulikaa na kijiti miaka minane, kisha mume wangu akafunga mirija: upasuaji mdogo wa ganzi, akarudi nyumbani siku hiyo hiyo, tukaendelea kujikinga miezi mitatu hadi kipimo kilipoonyesha mbegu hazipo. Hakuwaambia ndugu zake. Wala mimi sikuwaambia. Mnaosoma hapa mmekuwa wa kwanza.

Jambo moja ambalo wanandoa hulikwepa: mlango haufungwi siku moja kwa wote wawili. Mwanamke akivuka 35 uwezo wake unapungua, akifika 45 karibu umekwisha. Mwanamume wa 50 anaweza kubadili mawazo na akampata wa kumzalia. Naijua nyumba ambayo walikubaliana wawili kutozaa, na leo mtoto yuko Mbalizi kwa mama mwingine. Mke akikataa, ndoa ya mke mmoja haigeuzwi kuwa ya wake wengi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka wote wawili waridhie. Lakini mtoto akishazaliwa ana haki yake kwenye mali ya baba, na ni sawa iwe hivyo, yeye hakukosa kitu. Kwa hiyo dada unayeniuliza, kubali kutozaa kwa sababu wewe hutaki. Usikubali ili kumfurahisha mwanamume ambaye saa yake ni ndefu kuliko yako.

Nani atakuletea maji

Swali hili limeulizwa kwangu hadi limechakaa. Nimeliachia nafasi kubwa kwa sababu ndilo linalowafanya wengi wazae bila kutaka.

Kijijini kwetu kuna mzee mwenye watoto saba. Wawili Dar es Salaam, mmoja Tunduma, mmoja Lusaka, wengine sijui. Kila mwezi simu yake inaingia pesa, na si haba. Anayemchotea maji ni mke wa jirani. Kuna bibi mwingine asiyezaa kabisa aliyemlea mtoto wa kaka yake baada ya wazazi kufa, na sasa kijana huyo kajenga ua mmoja naye, anamkatia kuni kila Jumamosi. Na kuna wengi, wengi mno, wenye watoto wanaowatunza vizuri, na wengi wasio na watoto wanaokufa vibaya. Sitawadanganya kwa mifano miwili. Mtoto anaongeza uwezekano wa kutunzwa, hamhakikishii mtu.

Serikali nayo haitakuletea maji. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni ya jamii. Bara hatuna ya namna hiyo. Kwa sekta binafsi na waliojiajiri kuna NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii: uchangie miezi 180, yaani miaka 15, kisha pensheni ukifika 60, au 55 kwa hiari. Muuza duka na mkulima wanaruhusiwa kujiunga. Mimi nachangia. Dada hachangii, na akiulizwa huonyesha kidole kwa watoto wanaocheza uani.

Pensheni nyingine ya kwetu ni miti. Nenda Mufindi, Njombe, hata Kilolo, utamkuta mtumishi wa miaka 35 anapanda misindano akisema ndiyo uzee wake. Tuna ekari sita upande wa Mufindi na parachichi chache za kupandikiza zilizoanza kuzaa mwaka wa nne. Mume wangu huziita watoto, mimi sipendi huo utani. Septemba moja moto uliwashwa na mtu anayesafisha shamba lake, ukala ekari mbili zetu za misindano ya miaka sita kwa mchana mmoja. Nilikaa kwenye majivu nikafikiri: mtoto hukuambia anaumwa, mti haukuambii.

Na pesa hainunui kila kitu. Mume wangu alipolazwa siku tisa, nilijifunza kwamba hospitali zetu zinamhesabia mgonjwa ndugu: wa kuleta uji, kumgeuza, kukimbilia dawa isiyokuwepo dirishani, kutoa damu. Siku ya tatu nilikuwa sijioni. Mtoto mkubwa wa dada alipanda basi la usiku kutoka chuoni Iringa bila kuitwa, akakaa wodini siku sita. Yule ambaye Januari za nyuma nilikuwa namnung'unikia nauli. Ndiyo maana nasema anayechagua kutozaa huku asijitenge na ukoo akidhani ndio uhuru. Atakayejitenga akumbuke ndoo ya maji haijibebi.

Karatasi

Fupi, lakini ukiruka yote rudi usome hapa.

Sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963 kwa makabila ya ukoo wa baba zina kanuni inayosema mjane hana fungu la urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza. Isome tena ukiwa huna watoto. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua shauri la wajane wawili Watanzania waliopokonywa mali kwa kanuni hizo, ikasema nchi imekiuka. Shemeji zangu ni watu wema. Sitaki wema wao upimwe msibani.

Tuliandika wosia, kila mmoja wake, mbele ya mashahidi, mmoja ndugu na mwingine asiye ndugu, na tukauhifadhi RITA, wakala wa serikali wa usajili. Hati ya nyumba ina majina mawili. NSSF na benki warithi wameandikwa. Dada hana wosia, na kwa mwenye watoto hilo ni uzembe. Kwa asiye na watoto ni kumwachia mwenzako vita.

Kulea wa mwingine

Wengine huniambia, basi asili mtoto, yaani umfanye wa mwingine kuwa wako kisheria. Si jibu la asiyetaka kulea, ni jibu la anayetaka kulea bila kuzaa, na hao ni watu wawili tofauti. Huku kwetu wa kulelewa hawajapungua: utafiti wa 2022-23 ulikuta virusi vya UKIMWI kwa watu wazima asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati taifa zima ni 4.4. Dawa zimebadilisha mengi, ila kizazi changu kimelelewa na mabibi na mashangazi, na tunajua kwa nini. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 mwombaji wa kuasili awe na miaka 25 au zaidi na amzidi mtoto kwa miaka 21; unaanzia ustawi wa jamii, amri inatoka Mahakama Kuu. Malezi ya kambo, yaani kumlea wa mwingine bila kumwasili, ni mepesi zaidi, na si ya kudumu.

Ningemshauri nani nini

Ukiona mtoto wa watu unatamani awe wako, na unatamani hata akiwa na kamasi na homa, zaa, hesabu zote hizi zitajipanga zenyewe. Ukitaka kuzaa ili mama mkwe anyamaze, ngoja. Atauliza wa pili. Kama kinachokuzuia ni pesa peke yake, kijiti cha miaka mitatu kinakutosha, usifunge kitu. Na kama, ukiwa umelala peke yako bila mtu wa kukusikia, huoni mtoto kwenye maisha yako wala huoni pengo, unaruhusiwa kuliamini hilo. Mimi Desemba huwa naona pengo. Wiki ile magari yanapanda mlima Kitonga yamejaa watoto wanaokwenda kwa bibi zao, nyumba yetu inakuwa kubwa kuliko ilivyojengwa. Siku ya tarehe mbili simu inalia, pengo linapotea. Dada naye ana lake, aliwahi kuniambia tukiosha vyombo, "Mdogo wangu, nawapenda hawa, lakini kuna mtu nilitaka kuwa na sikumwona." Sikumjibu, nikaendelea kusuuza.

Chochote mtakachochagua, kisemeni kabla ya mahari. Ng'ombe wakishahama, ukoo unaamini umeahidiwa watoto, na hauko mbali na ukweli. Sisi tulizungumza kwenye basi, tumeshapita Igawa, kabla mshenga hajatumwa nyumbani. Nilimwambia sioni mtoto. Akatazama dirishani hadi Chimala, akanunua mahindi ya kuchoma mawili, akanipa moja, akasema na yeye haoni.